Batiki sitini, kitabu kimoja

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Natengeneza batiki za mapazia, foronya za mito na vitambaa vya meza, na pia nachora. Kazi zangu zote ziko kwenye simu. Mwezi uliopita mama mmoja anayejenga nyumba ya wageni aliniambia nimpelekee kitabu cha kazi zangu, akitazame kwa utulivu na mumewe. Nilikwenda steshenari wakanichapia picha, wakaziweka kwenye plastiki na kutia spairo. Kilipotoka niliona aibu kukipeleka, kimekuwa ripoti ya semina. Nataka nikitengeneze kwa mkono wangu, na ndani yake niweke vipande halisi vya vitambaa. Nina kazi kama 60, na nyumba yao itakamilika baada ya miezi miwili. Nianzie wapi? Vifaa gani vinapatikana hapa hapa? Na je, nimwachie kitabu au nirudi nacho?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aibu uliyoiona ilikuwa ya haki. Huyo mama anataka kununua kitu ambacho wageni wake watakigusa kila siku. Ukikifunika kwa plastiki unamnyima kile kile anachokitafuta. Wazo lako la kuweka vitambaa halisi ndilo sahihi, na karibu yote nitakayokueleza yanatokana na uamuzi huo mmoja. Kitabu chenye vitambaa ndani kina vipimo vyake, mkunjo wake na mshono wake, na watu wengi hulijua hilo gundi ikiwa imeshakauka.

Nikueleze kinachotokea. Mtu hununua daftari zuri lenye jalada gumu, anabandika kitambaa kwenye kila ukurasa, anafurahi. Akifika nusu, daftari halifungi tena. Upande wa kufungulia umevimba na kupanuka, mgongo umebaki na unene ule ule wa karatasi tupu, na jalada limeachama. Akilikandamiza, mgongo unapasuka. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona mara nyingi kuliko zote kwenye vitabu vya mafundi wa nguo, na dawa yake hutolewa kabla ya kushona, haitolewi baadaye. Nitaifikia.

Kwanza chagua. Tandika kazi zote 60 sakafuni siku ambayo huna haraka, utazame ukiwa umesimama. Kwa mteja wa nyumba ya wageni, kazi 18 zinatosha kabisa. Kazi ambayo ukiitazama unaanza kuitafutia maelezo, iache nje. Michoro ya kwenye karatasi iache pia, isipokuwa ile iliyokuja kuwa kitambaa. Hiyo ina thamani, kwa sababu inamwonyesha mteja kwamba unaweza kuanza na wazo lake na kulifikisha dirishani. Anza na kazi ambayo huyo mama anaweza kuiona mara moja kwenye chumba cha kulala. Kazi zenye makelele usizipange mfululizo, weka tulivu katikati yake. Na usimfikirie yeye peke yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, nyumba za wageni na ofisi zimeongezeka sana mjini, na kitabu hiki utakipeleka kwa wengine wengi. Kwa hiyo kitengenezwe kwa namna ambayo kipande kimoja kinaweza kutolewa na kingine kuwekwa bila kuharibu ukurasa.

Sasa vitambaa vyenyewe. Hapa usifanye haraka hata kidogo, kwa sababu batiki iliyobakiza ile nta ya kuzuia rangi itaharibu kitabu kizima. Nta ya mshumaa huyeyuka kwenye joto la kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi kutegemea aina yake, na gari lililofungwa vioo na kuachwa kwenye jua la Dodoma linaweza kufikia joto la namna hiyo. Nta ikiyeyuka inahamia kwenye karatasi ya mbele na ya nyuma, inaacha doa la mafuta lisilotoka. Chemsha kila kipande kwenye maji yenye sabuni, nta ielee, uyaache maji yapoe ndipo uiondoe juu. Kikishakauka, kipige pasi katikati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na maandishi. Usitumie gazeti, wino wake unahama. Rudia kwa karatasi mpya hadi karatasi itoke kavu bila doa. Kisha jaribu rangi: lowesha kona ya kipande kwa maji ya uvuguvugu, ikandamize kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikihama, fua tena.

Vikate vipande vyote kwa kipimo kimoja, sentimita 16 kwa 20, ukifuata uzi wa kitambaa ili visiende mshazari. Azima mkasi wa meno kwa fundi cherehani. Meno yale yanazuia kingo zisifumuke. Ukipiga overloki, ukingo unakuwa mnene na kitabu kinazidi kuvimba, kwa hiyo mimi siipendi kwa kazi hii.

Usikibandike kipande chote kwa gundi. Gundi ikipenya kitambaa inaacha doa upande wa mbele, na mteja hawezi tena kukinyanyua aone mgongo wa kitambaa au akishike kwa vidole viwili. Kishikize kwa ukingo wa juu tu, kwa mishono michache ya mkono inayopita kwenye karatasi. Wewe ni mtu wa sindano, mishono hiyo itakaa vizuri kuliko gundi yoyote, na siku unataka kubadilisha kipande unaikata tu. Kipande kikae upande wa kulia, na ukurasa wa kushoto unaotazamana nacho uwe na picha ya kitambaa hicho kikiwa kazini: pazia likiwa dirishani, mto ukiwa kwenye kiti. Mishono itaonekana nyuma ya karatasi, lakini huko nyuma ndiko utakakobandika picha ya kazi inayofuata, na picha itaifunika. Ndiyo maana unashona kipande kwanza na kubandika picha baadaye.

Tuje kwenye karatasi, na hapa nakuomba usome taratibu. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala kuelekea upande mmoja, kama ubao unavyokuwa na mkondo wake. Ikipata unyevu hutanuka zaidi kukatisha nyuzi kuliko kufuata nyuzi. Kwenye kitabu, nyuzi lazima zisimame sambamba na mgongo, kutoka juu kwenda chini. Zikilala upande mwingine, kurasa zinakuwa ngumu kugeuka, mkunjo unapasuka-pasuka, na ukitia gundi karatasi inafanya mawimbi karibu na mshono. Kujua nyuzi zinaelekea wapi ni rahisi: pinda karatasi kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inapokubali kwa ulaini, mpindo umefuata nyuzi. Chora mshale mdogo kwa penseli kwenye kona.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba karatasi ya A4 ya rimu, kwa kawaida, nyuzi zake zinafuata urefu. Ukiikunja katikati kuwa kijitabu, nyuzi zinakatisha mgongo. Kwa karatasi nyembamba ya gramu 80 unaweza usione tatizo. Kwa karatasi nene utaliona siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo nunua karatasi kubwa ukate mwenyewe. Tafuta karatasi nene ya gramu 200 ya ukubwa wa A1, yaani sentimita 84.1 kwa 59.4, nyeupe isiyong'aa au rangi ya maziwa. Manila ile nyepesi ya kufundishia darasani haifai, inapinda chini ya uzito wa kitambaa. Kama steshenari hawana, uliza kwenye viwanda vya uchapaji vya mjini. Mara nyingi wanakubali kuuza karatasi chache.

Chukulia nyuzi zinafuata ule upande wa sentimita 84. Ukurasa wako uwe na kimo cha sentimita 27 na upana wa 24. Kata vipande vya sentimita 48 kwa 27, ile 27 ikifuata nyuzi. Kila A1 inakupa vitatu. Karatasi nne zitakupa vipande 12, na kila kimoja kikikunjwa katikati kinakuwa kurasa nne, jumla kurasa 48. Pembeni ya kila A1 utabaki na mshipi mrefu wenye upana wa sentimita 11 na kitu. Usiutupe mshipi huo, ndio wenye dawa niliyokuahidi.

Mshipi huo ukate vipande vya kimo cha sentimita 27, kisha kila kipande kigawe kanda tatu zenye upana wa sentimita 3.8. Kila ukanda ukunje katikati kwa urefu. Kila A1 inakupa kanda tisa. Kanda hizi zinashonwa mgongoni pamoja na kurasa; mtu akifungua kitabu anaona ulimi mwembamba wa karatasi kati ya kurasa, chini kidogo ya sentimita mbili, hausumbui chochote. Kazi yake ni kuunenepesha mgongo kwa kiasi kile kile ambacho vitambaa vinaunenepesha upande wa kufungulia.

Idadi ya kanda haikisiwi, inapimwa. Weka vipande vyako 18 vya kitambaa na picha zake zote rundo moja, weka ubao juu, kandamiza kwa mkono, kisha pima kimo cha rundo kwa rula. Tuseme umepata milimita 8. Karatasi ya gramu 200 huwa na unene wa robo milimita hivi, na ukanda uliokunjwa ni tabaka mbili, yaani nusu milimita. Milimita 8 kwa nusu nusu ni kanda 16. Kitabu chako kitakuwa na mikunjo sita, kila mkunjo ukiwa na karatasi mbili zilizokunjwa moja ndani ya nyingine. Weka kanda tatu kwenye kila mkunjo, unapata 18, na hiyo ziada ndogo haina madhara. Mgongo ulionenepa kidogo ni afadhali kuliko mgongo uliopungukiwa. Zipange kati ya karatasi ya nje na ya ndani. Kipande cha kitambaa nacho kikae si chini ya sentimita tatu kutoka mgongoni, kisilalie ukanda.

Kabla hujakata karatasi nzuri, tengeneza kitabu cha majaribio cha mikunjo miwili kwa karatasi yoyote nene uliyonayo, kwa vipimo vile vile, ushone vipande vitano au sita vya kitambaa ndani yake. Ukikifunga kikalala sawa, endelea. Ukiona kinaachama, ongeza kanda.

Mshono ninaokushauri ni wa mnyororo, ule wa Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, unaotumika tangu karne za mwanzo za Ukristo na ambao Waethiopia waliutumia kushona vitabu vyao vya kanisa kwenye majalada ya mbao. Naupendekeza kwako kwa sababu mbili. Kitabu kinafunguka bapa kabisa mezani, kwa hiyo huyo mama na mumewe hawatahitaji mtu wa kukishikilia wakati wanavipapasa vitambaa. Na mgongo unabaki wazi bila gundi, uzi ukionekana wote. Ukiupaka uzi huo rangi ile ile ya batiki zako, kazi ya mkono wako imeanza kuonekana kabla kitabu hakijafunguliwa. Mshono wa Kijapani, ule wa kutoboa karatasi zote pembeni na kuzifunga kwa uzi, ni mzuri kwa macho lakini haufunguki bapa na unakula sentimita kadhaa za ukurasa. Kwa karatasi nene zenye vitambaa haufai.

Uzi uwe wa kitani ukiupata. Usipoupata, uzi mnene wa pamba wa kufumia unatosha, na ndio unaokubali rangi ya batiki. Uvute kwa mikono miwili kwa nguvu. Ukikatika kirahisi tafuta mwingine. Uzi wa nailoni wa fundi viatu una nguvu, lakini unateleza na unakata karatasi kwenye tundu. Kata mita tatu, uupitishe mara mbili tatu kwenye bonge la nta ya nyuki. Nta hiyo haina shida kwetu; waulize wauza asali wanaoleta mzigo kutoka Manyoni na Kondoa. Usipake nyingi, uzi ushike kidogo tu kidoleni.

Matundu yawe matano kwenye kila mkunjo. Yapime kutoka juu: sentimita 1.5, 7.5, 13.5, 19.5 na 25.5. Chora vipimo hivyo kwenye kipande cha kadi iliyokunjwa, hicho ndicho kigezo chako. Kiweke ndani ya kila mkunjo na utoboe kufuata alama, kanda zikiwa tayari mahali pake. Fundi viatu wa Soko la Majengo atakuonyesha sindano yenye mpini ya kutobolea. Toboa wima kabisa kwenye mstari wa mkunjo. Tundu likihama milimita mbili, mnyororo wote utaonekana umepinda.

Jalada nalo litobolewe matundu matano yanayolingana na hayo, sentimita moja kutoka ukingo wa mgongo. Anza na mkunjo wa kwanza na jalada la mbele. Sindano itoke ndani ya mkunjo kwenye tundu la kwanza, ukiacha mkia wa uzi ndani. Zunguka nje ya jalada, ingia kwenye tundu lake, utokee kati ya jalada na karatasi. Zungusha uzi mara moja kwenye ule uliopita, kisha rudi ndani ya mkunjo kwa tundu lile lile. Ufunge na ule mkia, halafu nenda tundu la pili, ufanye vivyo hivyo hadi la mwisho. Kwenye tundu la mwisho usirudi ndani: panda moja kwa moja kwenye mkunjo wa pili, ingia, nenda tundu linalofuata, toka, shuka upitishe sindano nyuma ya uzi unaounganisha jalada na mkunjo wa kwanza, panda, rudi ndani. Kuanzia mkunjo wa tatu unakuwa unapita nyuma ya kiungo cha mikunjo miwili iliyotangulia, na hapo ndipo utaona minyororo mitano ikiota mgongoni. Mkunjo wa mwisho unashonwa pamoja na jalada la nyuma. Unapokaza uzi, uvute kwa kufuata urefu wa mgongo, kuelekea unakokwenda. Ukiuvuta kuja kifuani kwako unapasua karatasi.

Jalada: tafuta kadibodi ngumu ya kijivu yenye unene wa milimita mbili. Wachapaji wanayo. Ukiikosa, bandika kadi nyembamba tatu au nne moja juu ya nyingine, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, uzikandamize usiku kucha. Boksi lenye mawimbi ndani usilitumie, linabonyea kwenye kona ndani ya wiki moja. Kuna wanaopenda plaiwudi ya milimita tatu, nayo ni nzuri, ila kitabu kinakuwa kizito na mteja anakiweka chini mapema. Kimo cha jalada kiwe sentimita 27.6 na upana 24.3, ili lizidi karatasi kidogo kwa juu, chini na mbele. Kwa hiyo kwenye jalada matundu yote yashuke milimita tatu kuliko vipimo vya mkunjo.

Lifunike kwa batiki yako mwenyewe, na uchague tulivu yenye rangi iliyokolea, maana itashikwa na mikono mingi na vumbi letu unalijua. Kitambaa kisibandikwe moja kwa moja kwenye kadibodi, gundi itatokeza juu. Kwanza kipe mgongo wa karatasi: paka karatasi nyembamba uji mzito wa unga wa ngano uliochujwa, laza kitambaa juu yake, sukuma hewa itoke kwa kiganja, acha ikauke. Hapo kinageuka kuwa karatasi ya nguo, unakibandika kwa gundi nyeupe ya mbao bila wasiwasi. Gundi ya njano ya viatu yenye harufu kali usiiguse. Inashika haraka, lakini kwa miaka inabadilika kuwa kahawia na kupenya. Selotepu hali kadhalika.

Unapofunika upande mmoja wa jalada, gundi ikikauka inalivuta na linapinda. Lazima upande wa ndani nao ubandikwe karatasi, nyuzi zikisimama sambamba na mgongo, ili pande mbili zivutane sawasawa. Dodoma ni kukavu karibu miezi minane ya mwaka, na wakati wa kiangazi gundi nyeupe inaanza kushika kabla hujamaliza kuipaka upande wa pili. Fanya kazi hiyo asubuhi na mapema, ukiwa umefunga madirisha, paka eneo dogo dogo, na usiongeze maji mengi ukidhani unajipa muda. Maji yale ndiyo yanayopinda kadibodi. Ule upepo wa Juni hadi Agosti unaleta mchanga, na chembe moja chini ya karatasi inaonekana milele. Ikiwa unafanya kazi kipindi cha mvua, kati ya Desemba na Aprili, subiri zaidi kabla ya kutoa jalada kwenye uzito. Kwa vyovyote vile liache likandamizwe siku nzima chini ya ubao na matofali yaliyofungwa kitambaa, na karatasi kavu pande zote mbili, ukizibadilisha mara moja baada ya saa ya kwanza. Toboa matundu likishakauka kabisa.

Kuhusu wadudu: ule uji wa ngano ni chakula cha mende na mchwa. Ndiyo maana nimekuambia uutumie mahali pamoja tu. Kitabu kisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Kishonee mfuko wa kaniki, ukiweke juu ya kabati.

Picha sitazichambua sana, lakini mambo matatu yanaharibu kazi nzuri. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, kivulini. Kuanzia saa 4 jua letu linafuta rangi zote. Kwa picha itakayochapwa kwa upana wa sentimita 20 unahitaji nukta za picha (pikseli) kama 2,360 kwa upana huo, na simu nyingi za sasa zinafikisha, tatizo ni kwamba ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa. Itume kama dokumenti, au peleka simu yenyewe. Na uliza mashine inayochapa ni ya aina gani. Wino wa maji wa printa nyingi ndogo unatiririka ukiguswa na kidole chenye unyevu na hufifia upesi kwenye mwanga. Mashine ya leza, au studio inayosafisha picha kwenye karatasi ya picha, ndiyo ya kutumia. Michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado ina wekundu wake kwa sababu rangi hiyo ni ya udongo wenye madini ya chuma, isiyofifishwa na jua. Wino wa printa na rangi nyingi za kutia kitambaa hazina uvumilivu huo, kwa hiyo hata kitabu kikiwa tayari usikiache wazi dirishani.

Picha zibandike kwa gundi nyembamba ukingo wa juu na kona za chini tu. Chini ya kila kipande cha kitambaa andika mistari miwili mitatu kwa mkono, kwa kalamu yenye wino usiofutika kwa maji: aina ya kitambaa, upana wa jora, mwaka, na jinsi kinavyofuliwa. Mwenye nyumba ya wageni atauliza kuhusu kufua kabla ya kuuliza bei. Bei usiiandike kitabuni. Tengeneza mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma, weka humo karatasi ya bei unayoweza kuibadilisha.

Muda wako unatosha. Wiki mbili za kwanza ziwe za kuchagua, kufua na kupiga picha. Wiki ya tatu kitabu cha majaribio. Kukata, kushonea vipande na kubandika picha kunaweza kula wiki mbili nyingine, na mshono wa mgongo wenyewe ni kazi ya siku moja ukiwa umetulia. Ndiyo, kurasa zikamilishwe kabla ya kuunganisha mikunjo. Kushonea kitambaa kwenye kitabu kilichokwisha kushonwa ni mateso. Kumbuka tu kwamba karatasi zikiwa mbili mbili ndani ya mkunjo, kurasa zinazofuatana hazikai kwenye kipande kimoja. Andika namba za kurasa zote kwa penseli mikunjo ikiwa imepangwa, ndipo uitawanye.

Swali lako la mwisho: rudi nacho. Kitabu ni kimoja, na ndani yake kuna miundo yako yote bora. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapokamilisha kazi, hata bila kusajili, lakini kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi ukihitajika, na ukurasa wa mwanzo andika jina lako na mwaka. Kwa nyumba ile, omba saa nzima ya kukaa nao, wote wawili wakiwepo, na kitabu ukilaze mezani upande wao, wageuze wenyewe.

Cha kuwaachia ni kijitabu cha kukunja. Nunua A1 ya tano, ikate mishipi ya sentimita 12 kukatisha nyuzi. Utapata saba, kila mmoja una urefu wa sentimita 59. Kila mshipi ukunje nenda-rudi mara tano upate kurasa sita za karibu sentimita 10. Weka picha nne, kipande kimoja kidogo cha kitambaa kwenye ukurasa wa mwisho, na namba yako ya simu. Kinasimama chenyewe juu ya kabati la televisheni, na vingine sita utakuwa navyo mfukoni kwa wateja watakaofuata.